Mbwa Afaaye kwa Ulinzi

Kufaa ni sifa isiyokaa katika kitu peke yake. Jembe hufaa mbele ya udongo, na kafi hufaa mbele ya maji. Jembe likitiwa majini na kafi likipelekwa shambani, vyote viwili hugeuka kuwa mzigo mikononi mwa mwenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa wanyama wanaofugwa, na ndivyo ilivyo, kwa daraja ya juu zaidi, kwa wanadamu. Walakini watu wengi husema kwamba kitu fulani chafaa, wakaishia hapo, wasiulize chafaa kwa kazi gani, mahali gani, na mikononi mwa nani. Katika pengo la maswali hayo matatu makosa mengi huzaliwa.

Swali moja la jamii hii hubishaniwa sana miongoni mwa wafugaji wa mbwa katika Ulaya na Marekani. Huulizwa kama mbwa wa mbegu ya Airedale, mwenye asili ya Uingereza, afaa kwa michezo ya mbwa wa ulinzi, yaani mashindano ambayo mbwa hupimwa kwa kufuata nyayo, kwa utii, na kwa kumkabili mtu ajifanyaye adui. Kwa nje swali hili lahusu wafugaji na vikombe vyao. Kwa ndani limebeba swali la maadili liwezalo kumshughulisha hata mtu asiyepata kumwona mbwa huyo maishani mwake: je, ni haki kumfundisha mnyama kuuma; na kama ni haki, ni kitu gani kimfanyacho mwenye meno astahili kuaminiwa? Swali la ulinzi hupimwa vizuri mahali ambapo ulinzi si mchezo. Mahali pamoja pa namna hiyo ni delta ya Rufiji na nchi ya Kibiti, katika pwani ya Tanzania, ambako mbwa mwingine, asiyeandikwa katika daftari la mbegu yoyote, hufanya kazi hiyo bila kikombe wala alama.

Mto Rufiji huingia Bahari ya Hindi kwa midomo mingi, mkabala wa kisiwa cha Mafia. Kati ya midomo hiyo umeenea msitu wa mikoko ulio mmojawapo wa misitu mikubwa kabisa ya aina yake katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Katika Salale, Mbuchi, Msala, Kiongoroni na Maparoni watu huishi kwa uvuvi, kwa kaa na kamba, kwa kukata nguzo, na kwa kilimo cha mpunga katika mashamba yaliyofunguliwa ndani ya mikoko. Juu zaidi, katika bonde la mto na katika nchi kavu ya Kibiti, hulimwa mahindi na mihogo, hupandwa mikorosho na minazi. Udongo ni mwema, lakini mavuno hayana mdai mmoja. Ndege huyataka mchana, na nyani na ngedere huyataka pia. Usiku huja nguruwe mwitu, na kando ya maji huja kiboko. Mkulima asiyelinda hupanda kwa ajili ya wengine. Kwa sababu hii watu wa Rufiji hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, ambamo watu hukesha majira ya mavuno wakigonga madebe na kupaza sauti. Aghalabu watoto hupewa zamu ya mchana, na kila siku ya zamu ni siku iliyotolewa katika masomo yao.

Kukesha huko kumewagharimu watu zaidi ya usingizi. Kati ya mwaka 2002 na mwaka 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji. Simba mmoja aliyeuawa mwaka 2004 alikutwa na jipu katika jino, ikadhaniwa kuwa maumivu yale yalimfanya achague windo laini. Uchunguzi wa wataalamu uliotolewa mwaka 2005 ulieleza jambo zito zaidi. Tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, na sababu moja kubwa ilikuwa nguruwe mwitu: nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na mwanadamu hulala katikati ya hao wawili akilinda chakula chake. Hapo ndipo swali la mlinzi linapoacha kuwa la maneno. Mtu ahitajiye kusikia kabla ya kuona ahitaji sikio lililo bora kuliko lake, na sikio hilo Mungu amempa mbwa.

Mbwa wa Rufiji ni mbwa koko. Koko ni kichaka cha pwani, na katika vinywa vya watu jina hilo limekuwa la dharau: mbwa wa vichakani, asiye na bwana wala adabu. Lakini katika nchi ambayo nusu yake ni koko jina hilo laweza kutamkwa kwa heshima. Mbwa huyu ni mdogo wa mwili, mwenye nywele fupi, masikio mepesi na mguu usiochoka. Hali sana, kwa kuwa hapewi sana. Hubweka gizani kabla nguruwe hajafika kwenye mstari wa kwanza wa mahindi. Akikabiliwa na dume lenye meno hurudi nyuma, huzunguka, hubweka tena, mpaka watu waamke na moto uongezwe kuni. Asiyejua kazi hiyo aweza kumwita mwoga kwa sababu ya kurudi nyuma huko. Mwenye shamba ajua kuwa mbwa amrukiaye nguruwe dume kifuani hulinda usiku mmoja tu. Uhai wa mbwa ni sehemu ya akiba ya shamba, na mbwa ajuaye kuutunza autunza pia wa bwana wake.

Wengi wa watu wa delta ni Waislamu, na katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa ajili hii husemwa kijuujuu kwamba dini yamkataa mbwa. Sheria yenyewe ni makini kuliko usemi huo. Sura ya Al-Maida huhalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa, na hadithi za Mtume humruhusu mbwa wa windo, wa mifugo na wa shamba. Lililo la maana katika ruhusa hiyo ni kipimo chake. Haikuuliza ukoo wa mbwa; iliuliza kazi yake na mafundisho yake. Mbwa akamataye kwa ajili ya bwana wake ana hukumu moja, na mbwa alaye windo kwa ajili ya nafsi yake ana hukumu nyingine, ingawa meno ni yale yale. Tofauti imo katika kujizuia. Kanuni hiyo, kwa njia nyingine kabisa, imo pia ndani ya mchezo unaojadiliwa, na kwa hiyo si kazi bure kumfuata mbwa wa Uingereza mpaka kwao.

Mbwa wa Airedale alipatikana kando ya mto, kama koko wa Rufiji. Aire ni mto wa Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Katikati ya karne ya 19 watu wa bonde lake waliwachanganya teria, mbwa hodari wa kuwinda panya na wanyama wa mashimoni, na mbwa wakubwa wa kuwinda fisi maji, wakapata mbwa mmoja mwenye ujasiri wa yule wa kwanza na pua na uogeleaji wa yule wa pili. Huhesabiwa kuwa mkubwa kuliko teria wengine. Dume husimama sentimita 58 hadi 61 mabegani. Nywele zake za nje ni ngumu kama waya, na chini yake ana manyoya laini ya kumkinga na baridi. Mwaka 1908 polisi wa reli ya North Eastern waliwatumia mbwa hao katika bandari ya Hull, nao huhesabiwa miongoni mwa mbwa wa kwanza wa polisi katika Uingereza. Walifanya kazi usiku, na walifundishwa kuilinda sare ya askari na kumkabili asiyeivaa. Katika vita vya 1914 hadi 1918 mbwa wa mbegu hiyo walibeba barua chini ya mizinga. Wajerumani nao walimpenda, wakamweka katika orodha ya mbegu zifaazo kwa kazi.

Mchezo wenyewe hutoka Ujerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafugaji wa mbwa wa wachungaji wa Kijerumani, ambao kiongozi wao alikuwa Max von Stephanitz, waliweka mtihani wa kuonyesha kama mbwa amerithi moyo wa kazi au amerithi sura tu. Mtihani huo ukaitwa Schutzhund, yaani mbwa wa ulinzi, na baadaye ukafunguliwa kwa mbegu nyingine. Hivyo mbwa ni wa Uingereza na kanuni ni za Ujerumani. Mataifa hayo mawili yalikwisha kukutana ndani ya delta ya Rufiji kwa namna nyingine. Mwezi wa Julai 1915 manowari za Kiingereza Severn na Mersey ziliishambulia manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha kati ya mikoko, mpaka ikaangamia. Watu wa delta hawakuulizwa kama vita vile viliwafaa. Kumbukumbu hiyo yatosha kuonya kwamba nguvu na nidhamu, zikipelekwa mahali, si lazima zimfae mwenye mahali.

Leo mtihani huo, ambao tangu mwaka 2019 hujulikana katika mashindano ya kimataifa kwa herufi IGP, una sehemu tatu, na kila moja ina alama 100. Katika sehemu ya kwanza mbwa hufuata nyayo za mtu shambani, pua chini, na huonyesha vitu vilivyoachwa njiani. Katika ya pili hutembea ubavuni mwa bwana wake, huruka vizuizi, hurudisha kitu kilichotupwa, na hutulia hata bunduki ipigwapo. Katika ya tatu humtafuta mtu aliyejificha nyuma ya kimojawapo cha vibanda sita uwanjani. Amwonapo, mtu huyo husimama kimya, na mbwa hana ruhusa ya kumgusa. Humkabili na kubweka, basi. Mtu akikimbia au akishambulia, mbwa humkamata kwa mkono uliovikwa kinga nene ya gunia. Kisha huja amri ya kuachia. Mbwa asiyeachia hushindwa, hata kama alikamata kwa nguvu za simba.

Mtazamaji mgeni hudhani kuwa kilele cha mchezo ni kuuma. Kilele chake ni kuachia. Kuuma ni urithi wa kila mbwa, na mbwa hahitaji mwalimu ili ajue kwamba ana meno. Kuachia katikati ya ghadhabu, kwa neno moja la mtu aliye mbali, ni tunda la mafundisho ya muda mrefu. Na kusimama mbele ya mtu asiyefanya ubaya, kubweka bila kumgusa, ni jambo gumu hata kwa wanadamu waliosoma.

Kwa kipimo hiki Airedale afaa, lakini kwa masharti. Ana taya zenye nguvu, moyo usiovunjika upesi, na mwili wa kadiri uwezao kukimbia na kuruka. Ana akili pia, lakini ni akili ya mwindaji afanyaye shauri mwenyewe ndani ya maji na mashimo, ambako amri haisikiki. Mbwa wa wachungaji alichaguliwa, kizazi baada ya kizazi, kwa kumtazama mtu. Teria alichaguliwa kwa kumtazama mnyama. Kwa hiyo Airedale huchelewa kukomaa, huchoshwa na zoezi linalorudiwa mno, na fimbo haimfundishi: apigwaye hukaidi. Tena wengi wa mbegu hiyo wamezalishwa kwa maonyesho ya uzuri, na uzuri haukamati wala hauachii. Mwenye kutaka vikombe upesi humchagua Malinois wa Ubelgiji au mbwa wa wachungaji wa Kijerumani. Mwenye kumchagua Airedale hana budi kutafuta ukoo ulioendelea kufanya kazi, kisha awe na saburi, uchangamfu, na haki katika kutuza na kukaripia. Ajabu ni hii, kwamba jibu la swali la mbwa limegeuka kuwa orodha ya sifa za mtu.

Hapo husimama mabishano mawili. La kwanza husema kuwa mchezo wa kuuma ni mbegu ya ukatili, na kwamba mbwa aliyefundishwa kumkamata mtu mwenye gunia mkononi siku moja atamkamata asiye na gunia. Waswahili husema kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Hofu hiyo haikosi msingi. Kuna njia mbili za kumfundisha mbwa kukamata. Moja humfanya aione kinga ya gunia kama windo. Akamatapo hufurahi, na aambiwapo aachie hujua kuwa furaha itarudi. Nyingine humtisha, humbana pembeni, humfanya aume kwa kujiokoa. Njia zote mbili hutoa mbwa aumaye, na mtu aliye mbali aweza asitambue tofauti yao. Lakini wa pili amefundishwa hofu, na hofu haina amri ya kuachia. Atokapo uwanjani huibeba mpaka nyumbani, akamwuma mtoto aliyejikwaa karibu naye. Methali basi ni ya kweli, na maana yake yapita msikiti: mtu huingia kila mahali pamoja na kile alichocheza nacho. Aliyecheza na utii huingia na utii, na aliyecheza na hofu huingia na hofu.

Bishano la pili husema kuwa ni dhuluma kumtumia mnyama kwa sifa ya mtu, kwa maana mnyama hakuomba kushindana. Hili ni zito kuliko la kwanza, kwa sababu hata mbwa mwenye furaha uwanjani hakuulizwa. Lakini likisukumwa mpaka mwisho lamgusa pia koko wa shambani, ambaye naye hakuulizwa kama ataka kukesha. Hakuna mnyama wa kufugwa aliyefanya mapatano na mwanadamu. Kutoka hapa mtu aweza kufikia moja ya maneno mawili: ama ufugaji wote ni dhuluma, ama upande ulioweza kusema umebeba deni lote la mapatano. Neno la pili ndilo liwezalo kushikwa na mtu mwenye shamba la kulinda na watoto wa kulisha. Lakini kulishika ni kukubali kulipa.

Kabla ya deni hilo kutazamwa, yafaa kukumbuka jinsi hofu iwezavyo kuharibu ulinzi wa watu wenyewe. Katika miaka ya 2016 na 2017 nchi ya Kibiti na jirani zake iliingiwa na msiba. Viongozi wa vijiji na askari waliuawa, na mwezi wa Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa katika shambulio moja. Katika majira kama hayo mtu hutamani mlinzi amwumaye kila apitaye. Lakini hayo ndiyo majira ambayo apitaye aweza kuwa jirani aliyefuata dawa, mkunga aliyeitwa usiku, au mvuvi arudiye na maji kujaa. Mbwa wa Hull waliijua sare, hawakumjua mtu: mwovu aliyevaa sare angewapita, na mwema asiye nayo angekamatwa. Ulinzi utazamao vazi, au kabila, au ugeni wa sauti, huacha upenyo kwa adui na kufunga mlango kwa rafiki. Mlinzi mwema huongeza ujuzi wa bwana wake. Humwambia kuwa kuna mtu gizani, na humwachia bwana kazi ya kujua ni nani. Mbwa anyang'anyaye hukumu hiyo kwa meno yake amempokonya bwana cheo chake, na bwana aliyemfundisha hivyo amekivua mwenyewe.

Yaliyosalia ni kuuliza kama Airedale angefaa Kibiti. Manyoya yaliyomkinga na baridi ya Yorkshire yangemlemea katika joto lenye unyevu wa mikoko. Nywele zake hutaka kunyofolewa kwa mkono mara kwa mara, na kupe hupenda maficho ya namna hiyo. Mbung'o wa nyika hubeba vimelea vya nagana, ugonjwa ambao mbwa wa kigeni hawauhimili. Huwatia ukungu machoni na kuwaua. Mapenzi yake ya maji, yaliyokuwa fahari yake katika mto Aire, yangekuwa hatari katika mto wenye mamba. Ujasiri wake ungemtupa kifuani mwa nguruwe dume. Na chakula cha kila siku cha mwili wake mkubwa kingetoka katika chungu cha watoto. Kila sifa iliyompa heshima kwao ingeweza kugeuka huko kuwa kasoro, na yeye asingekuwa amebadilika hata unywele mmoja. Hapo neno kufaa huonyesha uso wake wote.

Kinyume cha hayo ni kweli pia. Koko wa Mbuchi akipelekwa katika uwanja wa mashindano angetoka bila alama ya tatu, maana mtu akimbiaye akiwa na gunia mkononi hangekuwa na maana kwake. Lakini usiku mmoja penye dungu hunusa njia ya mnyama aliyeingia shambani, hurudi asikiapo mluzi, humkabili asiyemjua kwa kubweka, na hunyamaza aambiwapo kuwa huyo ni wa nyumbani. Sehemu zote tatu za mtihani zimo humo. Lililokosekana ni mwamuzi wa kuandika.

Tena kufaa, kwa kuwa ni uhusiano, kuna pande mbili. Mtu huuliza kama mbwa amfaa. Ni nadra kuuliza kama yeye amfaa mbwa. Mbwa hutoa usingizi wake, sikio lake, na pengine maisha yake. Upande wa pili wa hesabu wahitaji chakula, maji, kivuli, na chanjo ya kichaa cha mbwa. Hili la mwisho ni jambo la uhai na mauti. Kichaa cha mbwa kikiisha kuonyesha dalili kwa mtu, huwa karibu hakina tiba. Wengi mno wa wanaokipata hung'atwa na mbwa, na wengi wao ni watoto. Sindano achomwayo mbwa ni ngao ya mtoto alalaye karibu naye. Mwenye shamba akubaliye kulindwa usiku na kumfukuza mlinzi wake kwa mawe mchana, bila chakula wala chanjo, amemfanya mbwa kuwa hatari kwa mikono yake mwenyewe, kisha humwita koko.

Pwani husimuliwa hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani kwa kiu, akapanda akamkuta mbwa alambaye udongo kwa kiu kama ile aliyokuwa nayo yeye. Akateremka tena, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha, na kwa tendo hilo akasamehewa dhambi zake. Hadithi haikutaja mbegu ya mbwa yule. Haikusema kama alikuwa mlinzi hodari, wala kama alifaa kwa kazi yoyote. Kilichopimwa pale kisimani kilikuwa mtu.

Methali moja ya kale yasema kwamba mbwa wa msasi mkali naye ni mkali pia. Wafugaji wa Airedale wakiendelea kubishana kama mbwa wao afaa kwa michezo ya ulinzi, ubishi wao utakuwa na faida wakianza na msasi: kama ana saburi ya kungoja mbwa akomae, kama fimbo yake ni nyepesi, kama neno lake la kuachia laweza kuaminiwa na jirani. Hao wakiwa na mtu wa namna hiyo, mbwa wao afaa. Na mkulima wa delta, ashukapo dungu asubuhi na mpunga wake ungali umesimama, ana jambo dogo la kufanya kabla hajarudi nyumbani. Koko amelala chini ya ngazi, pua juu ya miguu, baada ya usiku mzima wa kazi. Bakuli lake la maji ni tupu.